Wavu Uliopungua Shibiri Mbili

Gatini, 4 Februari

Dada Karani,

Salamu zangu ni zile zile, na kama kawaida zimechelewa. Usishtuke kuona mwandiko mzuri, si wangu. Kidole gumba changu kilibanwa kwenye kapi wiki iliyopita, kimevimba kama kiazi na kalamu haishikiki. Kwa hiyo mimi nasema na mpishi wa kantini ya hapa gatini anaandika. Amekubali kwa sharti kwamba nisiseme haraka na nisitukane mtu.

Nina kazi ya kukupa. Nataka wavu wa kuzungushia sitaha ya mashua, kuanzia ukingo wa chini hadi waya wa juu, kutoka omo ya mbele mpaka tezi ya nyuma, pande zote mbili. Unajua mashua hii ya tanga si yangu. Mimi ni mwangalizi tu, naishi humo, naosha, napaka rangi, nakagua kamba, namsubiri mwenyewe aje mara mbili kwa mwaka. Sasa mzee ameandika kwamba likizo ya Aprili atakuja na mjukuu wa miaka mitatu. Kuzunguka sitaha kuna nguzo fupi za chuma na waya mbili tu kati yake. Mtoto wa umri huo anapita hapo kama paka.

Ndani ya bahasha nimeweka uzi. Ndicho kipimo. Mwanzo wa uzi ni omo, mwisho wake ni tezi, na kila fundo ni nguzo. Pande zote mbili zinalingana. Ule uzi mfupi ni kimo. Kamba ya juu iwe nene, ya kushikika.

Najua utasema umechoka. Sema, lakini fuma.

Mdogo wako,
Bata

Dada, mimi mwandishi nakusalimu pia. Neno "haraka" alilisema mara tatu, nimeandika mara moja. Ndugu yako si mtu mbaya, ila kwa ubishi angeshindana na mwangwi wake mwenyewe.


Nyumbani, 13 Februari

Mdogo wangu Bata,

Uzi umefika tarehe 9 saa nane mchana, nimeuandika daftarini. Mita tisa na sentimita ishirini, mafundo saba. Nimeupima mara mbili.

Kwanza nikuulize. Nilikutumia futi ya chuma mwaka juzi, ile yenye tarakimu kubwa, ili usinisumbue tena kwa mambo ya nyuzi. Imekwenda wapi? Baba alipima kwa uzi kwa sababu hakupelekwa shule. Wewe ulipelekwa, na ada nyingine ililipwa kwa mikono yangu hii inayouma.

Pili, mjukuu. Kabla ya kufuma wavu mtu huuliza unazuia nini. Wavu wa goli unazuia mpira, wa lori unazuia magunia. Kwa mtoto wa miaka mitatu tundu lisipitishe kichwa, na ikiwezekana lisipitishe mguu, maana akipata pa kukanyaga ataukwea kama ngazi. Wewe hujasema tundu liwe kiasi gani. Badala yake unataka kamba nene ya juu. Mkono wa mtoto hauwezi kuishika kamba hiyo, hata kuifikia hawezi. Eleza.

Tatu, msalimie mpishi. Nimecheka, jambo ambalo halijaandikwa daftarini tangu Novemba. Lakini nimejiuliza ulimwachaje aongeze maneno. Bata ninayemjua mimi husoma barua yake mara mbili kabla ya kuifunga, na asingekubali kuitwa mbishi kwa wino wake mwenyewe.

Huku ni kama ulivyotuacha. Nimemaliza nyavu za magoli jozi nne za shule, na wavu mmoja wa lori ambao mwenye lori anasema ni mdogo na mimi nasema lori lake ndilo limejazwa kupita kiasi. Kiti cha Baba bado kiko mlangoni. Kila nikisema nitakiondoa, naona afadhali nikae hapo kwanza nipumzike, na nikishakaa siinuki.

Mwezi ujao nakwenda kupimwa macho kama kila mwaka. Daktari alisema ugonjwa uliompata Baba, ile presha ya macho, hutembea ndani ya familia. Nilikuandikia hayo mara tatu, tarehe ninazo. Wewe ulijibu mara moja: "Nitakwenda."

Dada yako


Gatini, 21 Februari

Dada,

Futi ilianguka majini. Vitu huanguka majini, ndiyo hali ya huku.

Tundu fanya unavyoona wewe, ndiyo maana nimemwandikia fundi. Kamba nene ni kwa ajili ya babu yake mtoto. Mzee naye miguu si ile ya zamani, akimfukuza mjukuu apate pa kushika. Umeridhika, Karani? Au nilete mashahidi?

Kidole kinaendelea vizuri ila bado. Mpishi namwacha aongeze maneno kwa sababu ananipa chai ya bure. Mtu hagombani na birika.

Macho nitakwenda. Wiki hii kuna kazi ya kukwangua rangi chini ya mashua, na wiki ijayo kuna kupaka. Baada ya hapo.

Kiti cha Baba mpe mtu.

Bata

Chai si ya bure. Ananimenyea viazi. Siku hizi anaviacha na maganda nusu, nikimwambia anasema maganda yana afya.


Nyumbani, 17 Machi

Bata,

Wavu nimeukabidhi leo asubuhi kwa kondakta wa basi la saa moja. Ni vipande viwili, kulia na kushoto. Nimetumia uzi wa nailoni mweupe, tundu upana wa vidole viwili, mtoto hapitishi hata kisigino. Nimefuma siku kumi na nane. Siku mbili kati ya hizo mkono wa kulia ulikataa, nikashindilia mafundo kwa meno.

Sasa sikiliza, na mpishi, kama ni wewe unayemsomea, soma polepole. Kila kipande nimekizungushia kamba, nene juu, nyembamba chini. Urefu wa kamba ndio urefu wa uzi wako, kwa hiyo wavu hauvutiki, na usijaribu kuuvuta. Penye kila fundo lako nimefunga kitanzi, kikae kwenye nguzo. Anza omo. Funga kitanzi cha kwanza, nenda cha pili, mpaka tezi. Juu kwanza, kisha chini, kisha uushone kwenye waya kwa ule uzi niliouzungushia kijiti. Ukimaliza, uegemee kwa uzito wako wote ukiwa umesimama upande wa ndani. Usimwegemeze mtoto wa watu kabla hujauegemea wewe.

Macho yangu ni salama, wamesema tarehe 5. Daktari kaniuliza kama nina ndugu. Nimesema ninaye mmoja. Kauliza amepimwa lini. Nimeona aibu nikasema sikumbuki, mimi ambaye kila kitu nakumbuka.

Nimechoka, Bata. Si uchovu wa wavu, ni ule mwingine. Baba amefariki mwaka wa pili huu na bado saa kumi na moja alfajiri naamka kumwashia jiko.

Dada yako


Gatini, 30 Machi

Dada,

Wavu umefika na umefungwa. Kazi yako haina mfano, watu wa mashua za jirani wanapita wanautazama. Kuna mmoja kauliza fundi yuko wapi, nikamwambia fundi hapatikani kwa watu wenye maswali mengi.

Jambo dogo tu. Vitanzi vingine havikufika kwenye nguzo, nimevifunga kwenye waya, na kwenye tezi wavu umepungua kidogo, kama shibiri mbili, pande zote mbili. Nimeziba kwa kamba. Si neno.

Ahsante.

Bata


Nyumbani, 6 Aprili

Bata,

Si neno kwako. Kwangu ni neno.

Miaka thelathini na moja nimefuma nyavu kwa kipimo na sijawahi kupungukiwa na shibiri mbili. Uzi wako bado umening'inia kwenye msumari. Nimeupima tena leo: mita tisa na ishirini, vile vile. Ina maana wavu ni sawa na uzi, lakini uzi si sawa na mashua. Huo uzi wa pamba nilikutumia mimi, wa kufungia vifurushi, na donge lake lililobaki ninalo. Nimekata mita moja kamili, nikauloweka kwenye ndoo, nikauanika. Umekauka ukiwa na sentimita tisini na sita. Baba alitufundisha hili kabla hatujajua kuandika: uzi mpya wa pamba ukishalowa na kukauka, hupungua.

Nimelifungua fundo la nne. Ndani yake kuna chumvi.

Mpishi, kuanzia hapa usimsomee. Mwambie nimeandika habari za mwenye lori, ndefu na za kuchosha. Wewe nakuomba unijibu kwa barua yako mwenyewe. Uzi huu ulipimwa ukiwa mkavu, kisha ukaingia majini wote, mpaka ndani ya mafundo, ukakauka, ndipo ukatiwa kwenye bahasha. Uzi hauendi majini peke yake. Mtu anayepima sitaha huushika uzi mkononi na haachi mpaka amalize. Niambie, mdogo wangu alianguka? Na huyo mjukuu, umewahi kumsikia kwa mtu mwingine?

Kwa heshima,
Dada yake


Kantini, 15 Aprili

Dada yangu,

Habari za mwenye lori nimemsomea. Kasema mwenye lori ana haki. Sasa nakujibu peke yangu, na kama ni usaliti basi nimeshausaliti urafiki, yeye ndiye atakayenihukumu.

Alianguka, ndiyo. Mwisho wa Januari, saa tano asubuhi, jua kali, hakuna upepo. Nilikuwa namwaga maji machafu nikamwona anatembea kinyumenyume na uzi mkononi, akaukosa waya kwa mkono akaenda majini. Ni muogeleaji, hilo mnalijua. Akapanda ngazi akicheka na uzi kaung'ang'ania vile vile. Nikamwambia Bata karudi kwao. Nilidhani ni utelezi.

Kidole gumba hakijavimba hata siku moja. Alikuja kuomba nimwandikie, nikaona ni uvivu wa wanaume. Lakini nikaanza kuangalia. Chai nikiiweka kulia anatafuta kushoto. Watu wanaotoka ubavuni hawaoni, wakimsalimia anashtuka. Bahasha zako huzishika karibu na pua, ananusa kama anasoma, kisha ananipa. Mjukuu hayupo. Mzee mwenye mashua nimemjua miaka mingi, hana mtoto, sembuse mjukuu. Wavu ule aliutaka wa kwake mwenyewe, atembee sitahani mkono ukiwa juu ya kamba.

Kuhusu pengo. Kuziba kwa kamba hakuziba, alifunga kipande kimoja legelege. Tarehe 8, siku mbili baada ya wewe kuandika, alikuwa anakwenda tezi mkono juu ya kamba yako, kamba ikaisha, yeye akaendelea. Upande huo chini kuna gati, si maji. Mbavu mbili zimepata ufa. Yupo, anakula, anabisha. Amenikataza nisikwambie.

Mimi sikujua kama uzi hupungua. Ningejua ningepima mwenyewe.

Mpishi


Nyumbani, 22 Aprili

Mdogo wangu,

Mpishi, hii msomee yote, usiruke neno.

Bata, najua. Najua kidole, najua mjukuu, najua Januari na najua tarehe 8. Usimlaumu mpishi, nilimbana. Wavu uliokuangusha ni wangu, na sikuamini kwamba nitaandika sentensi hiyo maishani. Ungenipa vipimo vya kweli ungekuwa mzima. Ningeuliza vizuri ungekuwa mzima. Nimeyapima haya kwa siku mbili na yanatoka sawa kila upande, kwa hiyo nimeacha kupima.

Sikugombezi. Sina nguvu za kugombeza. Nakwambia tu: rudi nyumbani. Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Chumba chako kipo, nimekipiga deki. Hospitali iko karibu, nitakupeleka mwenyewe. Mashua ya watu si mahali pa mtu asiyeona ubavuni, na mwenyewe akijua atakutoa tu, afadhali utoke kwa miguu yako. Hutakaa bure. Karakana ina kazi za mikono. Nitakupa uzi, utakaa mlangoni ukifuma polepole, hakuna atakayekuharakisha.

Niambie basi gani, nitakuja stendi.

Dada yako


Gatini, 30 Aprili

Dada,

Mpishi ameisoma yote, hakuruka neno. Alipofika pale pa uzi na mlangoni nikamwomba asome tena.

Sikiliza sasa wewe. Naongea polepole kwa sababu ya mbavu.

Unajua kwa nini niliondoka nyumbani? Mlisema nilifuata maji, nimezaliwa bata. Mimi mwenyewe nimesema hivyo zaidi ya miaka kumi. Haikuwa hivyo. Baba alikuwa na mwaka wa pili kipofu. Unamkumbuka pale mlangoni, kutwa anafuma, jioni anakwambia leo nimepata mita moja na nusu, wewe unasema hongera Baba, wavu unakua. Anakwenda kulala amefurahi. Siku moja nilirudi na njia ya nyuma nikachungulia dirishani. Nilikuona umekaa chini, wavu wa Baba mapajani, unafumua. Fundo kwa fundo. Ulikuwa unaukunja uzi tena kwenye kijiti ili kesho upate kumpa. Kwa kuwa matundu yalikuwa yamepinda, wavu haukuuzika, nao uzi ulikuwa wa kununua. Naelewa yote. Hukufanya kosa, ulikuwa unamfanyia mema. Lakini niliona mgongo wako, dada, na niliona Baba atakavyoishi mpaka afe, na wiki ile ile nikafunga mkoba.

Sasa unanipa kiti kile kile na uzi ule ule. Wewe utafumua tena miaka kumi na moja, na mimi nitakuwa najua. Baba angalau hakujua.

Hapa nina kazi. Naijua mashua hii kwa mikono, kila skrubu. Kamba nazikagua kwa vidole, na vidole havijawahi kunidanganya kama macho yalivyonidanganya. Mbele bado naona, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Ninachotaka ni sitaha isiyo na pengo, basi. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yangu yote, wala haikuwa kubwa.

Usije stendi.

Bata

Dada, hapa katikati tulisimama nikafuta miwani. Yeye alidhani nimekwenda kuepua sufuria.


Nyumbani, 9 Mei

Bata,

Barua yako imekaa mezani siku tano kabla sijaweza kuijibu. Nimetoa madaftari ya miaka ile, yapo kumi na moja. Karibu kila siku kuna mstari mmoja: "Baba amefuma mita moja. Nimefumua." "Baba amefuma mita moja na robo. Nimefumua." Nilidhani duniani ni mimi na daftari tu tunaojua.

Umesema Baba hakujua. Kuna siku moja ambayo sikuiandika, kwa hiyo nakuandikia wewe. Ilikuwa mwaka wa nne. Nilimpa uzi asubuhi, akauviringisha kati ya vidole muda mrefu. Akaniambia, "Mwanangu, mbona uzi huu umelainika?" Wewe ni mtoto wa fundi, huhitaji kuelezwa. Uzi mpya hukwaruza. Uzi uliofumwa na kufumuliwa ni laini kama nywele za mtoto. Nilimsogezea sindano. Naye akaipokea, akafuma. Jioni akasema leo nimepata mita moja na nusu. Nikasema hongera Baba. Tukaendelea hivyo miaka saba, kila mmoja akimpumzisha mwenzake. Ndio uchovu niliokuwa nikikwambia, ule mwingine. Nilikuwa sijui jina lake.

Kwa hiyo sitakuita nyumbani tena. Kiti nimekitoa jana, nimempa mshona viatu wa jirani, anakikalia vizuri tu.

Lakini nina masharti, na haya hayana mjadala.

Tarehe 14 utakwenda hospitali ya macho, mpishi ameniandikia kando kwamba amekubali kukushika mkono. Kilichopotea hakirudi, hilo Baba aliambiwa. Kilichobaki kinaweza kuwekwa, hilo Baba aliambiwa akiwa amechelewa. Halafu utamwandikia mzee mwenye mashua ukweli wote, bila mjukuu. Akikuacha ubaki, utabaki ukijua kwamba anajua. Akikutoa, tutafikiri upya, mimi na wewe, na si kuhusu mlango wala kiti.

Ndani ya kifurushi hiki kuna donge moja la uzi wa nailoni, sindano ya Baba ya mfupa, na kijiti chake cha kupimia tundu. Mpishi amenipimia kwa futi ya chuma: kila pengo ni sentimita thelathini na nane. Ningeweza kuyafuma hayo kwa siku moja nikakutumia. Sifumi. Wavu una kingo mbili wazi pale tezi, utazishika kwa mkono, na utaanzia hapo nilipoishia mimi. Kamba ya kuungia juu na chini ipo, nimeikata ndefu. Kwenye kamba ya juu funga fundo moja kila penye nguzo na mawili pale pa kushukia gatini, mkono usome.

Ukimaliza, mtu auegemee. Si wewe kwanza. Mbavu hizo nazijua ni mbili, zisiwe tatu.

Mpaka hapo usipite tezi. Nitakuja Jumamosi ya tarehe 7 Juni. Nimeshaandika daftarini.

Shika huo uzi kabla hujaanza. Ushike vizuri.

Dada yako


Kantini, 20 Mei

Dada yangu,

Naandika upesi, nina wali jikoni. Tulikwenda. Wamempa dawa ya matone mara mbili kwa siku na tarehe ya kurudi, nimeibandika ukutani juu ya masufuria. Daktari kasema angechelewa miezi mingine sita angekuja na fimbo. Wakati wa kurudi nikajua ameumia, kwa sababu hata bei ya nauli hakubishia.

Mzee ameandikiwa. Amejibu kwa mistari minne. Mitatu ya kwanza ni ya hasira kwamba hakuambiwa mapema. Wa nne unasema abaki mpaka yeye aje, waangalie pamoja, ila asipande mlingoti na asiipeleke mashua baharini. Mimi ningependa jibu refu kuliko hilo, lakini ndugu yako kaniomba nimsomee mstari wa nne peke yake, mara kadhaa.

Anafuma. Anakaa sitahani mgongo kwenye mlingoti, asubuhi mpaka mchana. Nilimwambia nimsaidie kuhesabu matundu akanifukuza.

Mpishi


Mashuani, 2 Juni

Dada,

Hizi herufi kubwa ni zangu. Mstari ukipanda, ufuate.

Nimefunga fundo la mwisho leo saa nne asubuhi. Mpishi ameuegemea kwanza, na kwa mwili ule kama umemshika yeye utashika na lori. Kisha nikatoka omo mpaka tezi, nikazunguka, nikarudi omo. Mara tatu. Mkono haukuachia kamba.

Uzi umenikwaruza vidole vyote, viwili vimetoka damu.

Upande wa kushoto, chini, kuna matundu mawili yamekaa vibaya. Nayajua, nimeyashika. Jumamosi utayaona kabla hujaketi.

Usiyafumue.

Bata